Wendell Haugstad na Maganda Yake ya Risasi

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopambana na theluji mpaka mkafika hapa Skarland, mimi ni Signe, binti wa Arvid Haugstad, na huyu aliyelala mbele yenu ni baba yangu mdogo, ambaye mwenyewe alinichagua nisome habari zake, kwa sharti moja tu, kwamba nisiruke kitu.

Wendell Haugstad alizaliwa tarehe 9 Machi 1931, katika shamba la ngano maili sita kaskazini mwa mji huu, mtoto wa pili na wa mwisho wa Nels na Inga, akaanza shule ya chumba kimoja mwaka 1937, na kumaliza sekondari Mei 1949, akiwa na alama za aibu katika kila somo isipokuwa hesabu na ufundi wa vyuma. Mwaka 1951 jeshi lilimpeleka Korea, akakaa katika hema la mafundi wa bunduki, na aliporudi mwaka 1953 aliajiriwa katika karakana ya reli mjini Havre, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane. Tarehe 11 Juni 1955, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Lorraine Pesek, wakajaliwa Roald mwaka 1957 na Janice mwaka 1960, ambao wote tunao hapa.

Lakini wengi wenu hamkumjua kwa reli, mlimjua kwa kile kibanda cha nyuma ya nyumba, mlikopeleka bunduki za baba zenu na babu zenu, ambazo risasi zake zilikuwa zimeacha kutengenezwa kabla hamjazaliwa. Alikuwa akichukua ganda tupu la risasi ya aina nyingine, akalilainisha shingo kwa moto, akalisukuma ndani ya kalibu ya chuma, akalikata, akalipima, akalisukuma tena, mpaka likawa lile ganda mlilolikosa, ingawa kitako chake bado kilikuwa na chapa ya jina lake la zamani. Bibi Tveit alipofyatua bunduki ya mumewe kwa mara ya kwanza tangu amzike, alikaa chini kwenye nyasi akalia, kisha akasema, "Ni yeye kabisa. Hata sauti ni yake."

Sasa nafika pale alipoagiza pasirukwe.

Baba yangu alirudi kutoka vitani mwaka 1945 na bunduki ya Kijerumani, na kwa kuwa risasi zake hazikupatikana huku kwetu, ndugu yake alimtengenezea kutokana na maganda ya jeshi letu. Alhamisi tarehe 26 Oktoba 1961 baba aliingia kibandani, bado ana kofia kichwani, akasema, "Bwana mdogo, nataka ishirini. Jumamosi napanda mlimani."

"Nipe wiki moja."

"Kulungu watakungoja wewe? Au siku hizi mkono umekuwa wa kizee?"

Wendell alicheka, akaanza kazi usiku ule ule. Anayefupisha ganda namna ile huifanya shingo mpya kutokana na sehemu nene ya ganda la zamani, hivyo lazima aikwangue ndani mpaka iwe nyembamba, la sivyo shingo hubanwa kwenye bunduki, risasi hukosa pa kutokea, na nguvu yote ya baruti humrudia mpigaji. Alikwangua kumi na tisa. La ishirini lilikuwa mkononi mwake wakati Lorraine alipomwita kwamba Janice anawaka homa, akaliweka mezani akakimbia, na aliporudi alfajiri, macho yamejaa usingizi, aliyazoa yote pamoja akayajaza baruti.

Jumamosi tarehe 28, saa tatu asubuhi, bunduki ilipasuka, na baba alifia pale pale kwenye theluji, akiwa na miaka thelathini na minane. Rafiki aliyekuwa naye alieleza kwamba kabla ya kufyatua ilimbidi Arvid apige kifungio cha bunduki kwa kiganja ndipo kifunge. Mkuu wa polisi aliandika kwamba bunduki ilikuwa kuukuu na chuma chake kimechoka, mambo yakaishia hapo. Wendell aliomba arudishiwe risasi zilizosalia, akazifungua moja moja akazipima, na zote zilikuwa sawa.

Tangu mwaka ule, theluji ya kwanza ilipoanguka, alikuwa akizima mashine na kuugeukia mlango. Mama mdogo Lorraine alimuuliza mara moja tu, "Nani?"

"Arvid. Anakung'uta viatu."

Mwaka 1972, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, aliniita kibandani. "Signe, bunduki ya baba yako haikuwa mbovu."

"Unasema nini, baba mdogo?"

"Shingo moja sikuikwangua. Ni mimi."

Sikusema naye kwa miaka tisa. Niliporudi mwaka 1981, kwa sababu chuki nayo huchosha, hakuniomba radhi wala hakunikaribisha kiti, alinipa kipimo na ganda. "Pima wewe. Mimi sijiamini." Kuanzia siku hiyo hakuna risasi iliyotoka kibandani nisipoipima, na mkono wake ulipoanza kutetemeka mwaka 2004, tulifunga mlango.

Agosti 2008 alionekana ana saratani ya ini, na Jumatano iliyopita, tarehe 14 Januari 2009, saa kumi alfajiri, alikata roho nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi aliyekuja nyumbani hata barabara zilipofungwa, majirani waliotulisha, wafanyakazi wenzake wa reli, na Merle Aasen aliyewasha moto makaburini siku mbili ili ardhi iliyoganda kwa baridi ilainike.

Limebaki moja. Mama yangu, Gudrun, mwenye miaka themanini na minne, amekaa pale mbele. Juzi nilimwambia yote, kwa sababu sikutaka ayasikie hapa kwanza. Aliendelea kumenya viazi. "Nilijua kwenye mazishi ya baba yako," akasema. "Hakula. Ndugu mwingine angekula, akalia, akala tena."

"Miaka arobaini na saba, mama! Mbona hukumwambia?"

"Kila Krismasi nilimpelekea mkate. Nilikaa jikoni kwake, nikangoja aseme. Hakusema. Na mimi nikaona, mbona nianze mimi?" Kisha akaweka kisu chini. "Nilikosea, Signe. Kasome. Na udongo wa kwanza nitatia mimi."

Baba mdogo, mama alijua, na bado alikuja kila mwaka. Lala sasa.