Mama Pampu Anavua Ovaroli

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Mumbua Musyimi anastaafu baada ya kukitumikia Kinu cha Ushirika cha Wendo, hapa Kathonzweni, kwa miaka thelathini na mmoja. Wakulima wanamwita Mama Pampu. Wengine hawajui kama ana jina lingine.

Aliajiriwa mwaka wa 1994 kufagia pumba na kushona magunia. Alikuwa ametoka Tulia, upande wa Kitui, akaolewa huku Makueni. Wanaokumbuka wakati huo wanasema ufagio wake ulikuwa unakwama kila siku mahali pale pale, karibu na kinu, ambapo fundi Kimeu alikuwa akitia oili kwenye beringi kwa kopo. Alitaka kujua hiyo oili inaenda wapi. Kimeu alimjibu mara ya kwanza, akamjibu tena, halafu akachoka, akampa kopo ajionee mwenyewe. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyopoteza mfagiaji.

Baadaye zikaja pampu ndogo za oili, zile zinazozungushwa na mkanda wa injini na kupeleka oili kwenye beringi bila mtu kushika kopo. Kimeu hakuziamini. Mumbua alizipenda mno. Ya kwanza aliifungua kabla hata haijawekwa kwenye mashine, akatazama gia zake mbili zinavyoumana, akairudishia, kisha akaifungua tena kuhakikisha hakuota. Tangu hapo ameweka pampu kama hizo katika vinu vya Matiliku na Tulia, katika mashine za kukamua alizeti, na popote penye beringi inayolia. Saa ya ukutani ya ofisi yetu pia aliwahi kuifungua. Haikuwa imeharibika. Alitaka tu kujua.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kutaja mwaka ambao kinu nusura kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Kanisa la jirani lilikuwa limelalamika kwamba moshi wa injini yetu unaingia ndani wakati wa maombi. Waumini wa kanisa hilo ndio wateja wetu, na baadhi yao ndio kamati yetu, kwa hiyo hapakuwa na ubishi. Injini iligeuzwa ili bomba la moshi litazame upande wa pili. Ilipogeuzwa, kinu kikaanza kuzunguka kinyumenyume, na Mumbua akatatua hilo mara moja: aliupindisha mkanda mkubwa, ule unaotoka kwenye injini kuzungusha kinu, ukapishana katikati, na kinu kikazunguka inavyotakiwa. Watu walipiga makofi. Mchungaji Nthiwa alikuja kumshukuru kwa mkono, akarudi kanisani na oili kwenye mkono wa shati jeupe.

Wiki hiyo hiyo beringi iliungua. Tukaweka nyingine, nayo ikaungua. Mumbua akaweka pampu mpya, mambo yakawa yale yale. Tukalaumu oili, tukanunua oili nyingine. Ulikuwa msimu wa ndengu, magunia yamejaa hadi barabarani, na wakulima wameanza kupeleka mazao yao kwingine. Kamati ikaona kinu kimezeeka na ikaitisha mkutano wa kukiuza. Kinu kikienda, na sisi wote tulikuwa tunaenda nyumbani.

Asubuhi ya mkutano, Mumbua alikuwa amechuchumaa kando ya tangi la oili. Lilikuwa linatoa mapovu, na yeye hakuelewa kwa nini oili ipumue. Akafungua bomba kwenye beringi, akamwomba mwenzake awashe injini kidogo, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba kuipokea oili. Oili haikuja. Kiganja ndicho kilichovutwa. Pampu ilikuwa inazunguka kinyumenyume, ikivuta hewa kutoka kwenye beringi na kuipeleka kwenye tangi, kwa sababu mkanda mdogo wa pampu haukuwa umepindishwa kama ule mkubwa.

Angeweza kuupindisha kimya kimya na kurudi kazini akiwa shujaa. Hakuna aliyekuwa anamshuku. Badala yake aliingia mkutanoni na ovaroli yake chafu, akasimama mbele ya mwenyekiti wetu wa wakati huo, Mzee Mulwa, ambaye kucheka kwake kulikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Maneno ya Mumbua tunayakumbuka hadi leo: "Hii kinu haina makosa, Mzee. Ni mimi nilisahau ule mkanda mdogo. Kama lazima muuze kitu, uzeni mimi."

Mzee Mulwa alilifunga daftari la mkutano. Kisha akasema, "Sasa wewe nani atanunua, na unauliza maswali hivyo? Enda uwashe mashine."

Kinu hicho kinasaga mpaka leo.

Siku hiyo ilituachia desturi yetu. Hapa Wendo, anayeweka pampu hawezi kuondoka kabla hajafungua bomba, akaipokea oili kwenye kiganja, na kumwonyesha mtu mwingine. Lazima awe mtu mwingine, kwa sababu Mumbua anasema jicho la aliyefanya kazi linaona anachotaka kuona. Ndiyo maana milango yetu yote ina alama za viganja, na ndiyo maana mimi, Yvonne wa stoo, nimeacha kuvaa nguo nyeupe. Ninamlaumu yeye kabisa.

Juzi Hemedi, fundi anayechukua nafasi yake, aliweka pampu mpya akiwa peke yake. Mumbua alikaa kwenye gunia, mikono mapajani, na tuliona jinsi alivyoteseka kwa kutogusa spana. Hemedi alipomaliza alimletea kiganja kilichojaa oili. Mama hakukitazama. Aligeuza uso, akasema, "Usinionyeshe mimi. Muonyeshe Yvonne. Jumatatu sitakuwa hapa."

Nilikitazama. Nilitaka kusema mengi, nikasema tu kwamba oili imefika.

Mama Pampu, asante kwa miaka yote hii, na asante kwa kusema "ni mimi" siku ambayo kunyamaza kulikuwa rahisi. Tumesikia kwamba kisima cha dada yako kule Tulia kina pampu inayotoa sauti ambayo hakuna anayeielewa. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na sauti za ajabu za kutosha. Na ukija kututembelea, usishangae tukikupokea na viganja vichafu.

Yvonne Nduku, Stoo
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Wendo