Ramani ya Kijiwe cha Mizani

Pale Ufukoni, Mtwara, kwenye kona ya ghala lililofungwa, kuna ubao mrefu umelazwa juu ya mizani mbovu ya korosho. Hapo ndipo Kijiwe cha Mizani. Mnene akikaa upande mmoja, mwembamba wa upande wa pili ananing'inia, kwa hiyo kila mtu ana nafasi yake ya kudumu na hakuna kuhamahama hovyo. Alasiri hiyo Kassimu fundi cherehani alifika na mfuko wa vipande vya vitambaa, roho juu juu. Zamani kijiwe kilimwita Mkasi. Tangu binti yake Nuru aajiriwe kufundisha Jiografia sekondari, amejipa jina jipya, Baba Mwalimu, na ukimwita Mkasi haitiki hata umshike bega. Sasa Nuru anataka kesho kuwaleta hapa wanafunzi wa kidato cha tatu wajifunze habari za watu kuhama, maana shule yao ina atlasi moja, nayo haina jalada. Mkuu wa shule, mgeni aliyehamishwa kutoka Njombe, amesema atapita leo ajionee kwanza. Akikuta porojo, darasa halitoki getini, na Nuru asimpelekee tena habari za vijiwe.

Kassimu alitandaza vitambaa vyake mchangani.

— Jamani, Nuru kasema hivi. Hiki chembamba ni Mto Ruvuma. Hiki kipana cha buluu ni bahari. Kila mtu aweke alama pale alipotoka babu yake, halafu aeleze kwa nini alihama. Basi. Na leo hatupigani kamba, kweli tupu.

— Bila kamba si mtamaliza kahawa haijapoa? — aliuliza Somoe, mwenye birika, huku akisuuza vikombe.

— Leo ni elimu, Somoe. Mwanangu anatengeneza zana za kufundishia, na zana zenyewe ndio sisi.

Alilisema hilo kwa raha, akajinyoosha shati. Katika ukoo wake wote hakuna aliyewahi kushika chaki, na mtu wa kwanza kuishika kamzaa yeye.

Athumani alikuwa akibangua korosho za kuchoma. Kijiweni anaitwa Newala, kwa sababu hachoki kusifia kwao. Alichukua ganda moja akaliweka ng'ambo ya kile kitambaa chembamba.

— Sisi Wamakonde tulitoka huku, upande wa Msumbiji. Tukavuka nto, tukapanda nlimani.

— Na kwa nini mkapanda mlima usio na maji? — Kassimu aliuliza kama alivyofundishwa.

— Usalama. Adui akipanda kule anafika na kiu. Ntu mwenye kiu hapigani, anaomba maji.

Kassimu alifurahi. Jibu kama hilo hata mkuu wa shule angelipokea. Laiti mambo yangeishia pale.

Lakini alikuwepo Abdulkarimu, mchuuzi wa samaki, mzaliwa wa Mikindani, ambaye amejiita Shirazi mwenyewe na kijiwe kimechoka kubisha.

— Kuvuka mto nako ni safari? — alisema. — Huko si kwenda sokoni tu. Wazee wangu mimi walitoka Uajemi. Ngoja niiweke.

Alikuwa na kisoda cha chupa mkononi. Akaangalia mchanga, akaona haumtoshi. Akavuka barabara, akakiweka mlangoni kwa kinyozi.

— Shirazi ndiyo hiyo. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Inaingiaje hapo? — Somoe akauliza.

— Waliinama wakaingia kwenye merikebu.

Athumani akaacha kutafuna.

— Ala, kumbe ni mashindano. Basi pale ng'ambo tulipumzika tu. Asili yetu hasa ni Misri.

Akalichukua ganda lake, akapita kwa kinyozi bila kugeuka, akalitua ukingoni mwa mtaro.

— Kutoka Misri mlikuja na nini? — Abdulkarimu akamuuliza.

— Na miguu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Acha zako. Sisi hata nyumba zetu za mawe hatukuzijenga Mikindani. Zilikuja zimeshajengwa. Zilipakiwa mojamoja, na milango yake.

— Hilo dogo. Huo Nto Ruvuma unaouona, tuliuchimba sisi. Tulishavuka, tukasema tuchimbe, watu wa namna yako wasitufuate.

— Mto mzima?

— Mzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndiyo maana sisi tunajua kuogelea.

Somoe alicheka mpaka akamwagia kahawa kashata. Kassimu hakucheka. Alichungulia barabarani, akaona Nuru na mkuu bado hawajafika, akaanza kuomba kwa sauti ya mtu anayemwombea mwanawe kazi.

— Jamani, rudisheni alama. Mkuu akikuta Misri iko mtaroni, mwanangu ataaibika. Nawaomba.

— Mbona unatuandama sisi? — Athumani akasema. — Babu yako wewe alama yake iko wapi, Baba Mwalimu?

Kijiwe kizima kikamgeukia. Kassimu alijua vizuri alikotoka babu yake. Alikuwa Mmakua wa ng'ambo, alivuka Ruvuma na mkeka mmoja kwapani, njaa tumboni, akaja kukata mkonge. Habari hiyo alimsimulia Nuru tangu mtoto, wakiwa wawili, cherehani inalia. Lakini kuitoa hapa, Shirazi upande huu na Misri upande ule, aliona haya. Baba wa mwalimu, babu mkata mkonge?

— Babu yangu alikuwa sultani, — alisema. — Wa Yemeni. Alikuja amebebwa.

Akachukua kitambaa chekundu, kizuri kuliko vyote mfukoni, akavuka mtaro, akakibandika ukutani kwa ghala la ng'ambo ya barabara, juu, mahali pasipofikiwa na mtu mwingine. Alipogeuka, Nuru alikuwa amesimama kwenye kona na mkuu wa shule.

— Shikamooni, — Nuru alisema.

— Marahaba, — wakaitikia, na Kassimu naye, kwa sauti ndogo.

Mkuu wa shule, Mwalimu Fredi, alikuwa kijana mrefu, viatu vyeusi vimeshakuwa vyekundu kwa vumbi la Mtwara. Naye aliwaamkia wazee. Abdulkarimu alisogea, Athumani akasogea, ubao ukalia, mgeni akapata pa kukaa. Somoe akamtilia kahawa na kumkatia kashata kabla hajasema ameshiba. Nuru akaanza kumweleza: huu mto, ile bahari, kila alama ni safari ya mtu. Aliongea polepole, bila karatasi, na hakumcheka mtu. Alifika kwa kinyozi, akafika mtaroni, wenye alama wakitaja kwao. Alipofika ukutani alikitazama kile kitambaa chekundu, akamtazama baba yake.

Mwalimu Fredi alizungusha kikombe mkononi.

— Nimeelewa. Huyu katoka Uajemi, huyu Misri, na yule kule juu...

— Yemeni, — Athumani akamsaidia.

— Yemeni. Sasa wazee wangu, naomba kuuliza. Mlipofika hapa, nani aliwapokea?

Athumani alitafuta methali, na methali zote zikamkimbia. Mtu anakuja na njaa kutoka mbali, halali nje miaka yote. Kuna aliyempa maji, aliyemwonyesha pa kulima, aliyemwozesha binti yake. Huyo hakuwa na alama hata moja pale mchangani.

Kassimu aliinuka. Alivuka mtaro, akabandua kitambaa chake, akarudi nacho mbele ya watu wote mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Akakilaza hapo.

— Babu yangu alitoka hapa, — alisema. — Alikuja na mkeka, kukata mkonge. Nani alimpokea, sijui. Sikumuuliza, na sasa amekufa.

Athumani alikwenda mtaroni kuchukua ganda lake. Abdulkarimu alijikuna kichwa, akamwambia kinyozi amrushie kile kisoda.

— Tulikuwa tunazidisha chumvi kidogo, — alikiri.

— Basi kesho tuanzie hapo, — alisema Mwalimu Fredi. — Wanafunzi nao wakaulize makwao, wazee wao walipokelewa na nani. Mwalimu Nuru, wanakuja wangapi?

— Darasa zima, mkuu.

— Nami nitakuja. — Akainama, akaokota ganda la korosho. — Njombe niiweke wapi?

Nuru akamwonyesha, kisha akachutama pembeni ya baba yake, akakinyoosha kile kitambaa chekundu kilipojikunja. Kassimu alimtazama mwanawe. Binti wa fundi cherehani, kitukuu cha mtu wa mkeka, anapanga nchi nzima kwa vitambaa vya baba yake, na mkuu wa shule anamuuliza pa kuweka kwao.

Somoe akainua birika, akalitikisa, likanyamaza.

— Kahawa imeisha. Mkasi, nipitishie hicho kikombe cha mgeni.

— Haya, — Kassimu aliitika, akampitishia.