Makalio Yanayolinda Goli

Benchi langu lina miguu mitatu na tofali. Timu ya kijani ikicheza, wanaume watatu hulikalia tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na hanyanyuki mtu hata akibanwa na mkojo. Wanaamini mmoja wao akinyanyuka, goli linaingia. Jumapili ile jua lilikuwa limelegea. Mvuke wa kahawa ulipanda taratibu mpaka ukasahau unakokwenda, na redio ilivuma kama mvua ya mtaa wa pili. Pembeni alikaa Kipa, mchomelea vyuma, aliyewahi kudaka kabla tumbo halijamtangulia. Katikati alikaa Refa, kinyozi, ambaye huamua kila ubishi hata usiomhusu. Mwisho wa benchi alikuwa Dokta, anayetibu redio tu. Mimi nauza kahawa na kuwaambia ukweli. Wanachonunua ni kahawa.

— Kikombe kinapoa, Kipa, nikamwambia. Una nini?

— Mama anapasuliwa kesho, bibi. Ameniambia leo nikamwombee. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Amesema maombi ya mchungaji ameshayasikia.

— Sasa hapa unafanya nini?

— Sijui naanzaje. Mara ya mwisho kuomba nilikuwa sijaota ndevu.

— Utaenda mechi ikiisha, Refa akaamua. Ukinyanyuka sasa, tumekwisha.

— Ile siku ulikwenda chooni tukapigwa, akakumbusha Dokta. Sijasahau.

— Ninyi mna imani kumshinda askofu, nikawaambia. Mnaamini makalio ya mchomelea vyuma yanazuia goli mji mwingine. Ila kwamba Mungu anamsikia mtu akiongea chumbani kwa mama yake, hapo mnataka mashahidi.

Refa akapunguza sauti ya redio. Kwake hiyo ni heshima kubwa.

— Bibi kagusa penyewe. Nguvu tunazo, jamani. Tunazimwaga upande mmoja tu. Nendeni kanisani muone, watu wanaimba kama wamekatazwa.

— Mimi mahubiri yakianza nasinzia, alisema Dokta. Lakini penalti sijawahi kuisinzilia.

— Unaona? Sasa nguvu hizo tuzihamishe. Mchungaji akisema amina, upande wa kulia unasimama na kukaa, wa kushoto unasimama na kukaa. Wimbi! Na ngoma mlangoni. Na kikosi cha kumfuata Yesu mechi za ugenini.

— Yesu ana mechi za ugenini? akauliza Dokta.

— Anazo. Hospitali. Gerezani. Kwa mtu aliyefukuzwa na ndugu zake. Kule kote ambako hakuna wa kumshangilia.

Lilinipendeza, lakini sikumwambia. Kinyozi akisifiwa anakukata sikio.

Dokta alikuwa amefumba macho. Huyo kahawa humlaza badala ya kumwamsha.

— Mimi naiona mbingu, akasema polepole. Ni uwanja. Nyasi zimelowa. Taa zote zinawaka na wala hakuna giza. Majukwaa yamejaa waliotutangulia, marehemu baba yuko juu kabisa na ile kofia yake. Mtu akipiga magoti huku chini, hata kwenye kachumba kenye ndoo na mwavuli mbovu, kule wote wanasimama.

— Wote? aliuliza Kipa.

— Wote. Wewe husikii tu kwa sababu kelele zinatoka mbali, zinachelewa kufika.

— Hata kama huyo mtu hajui maneno?

— Wewe mpira unaushangilia kwa maneno? Si unatoa tu sauti! Na kila mtu anaelewa.

Kipa akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Na Refa naye, badala ya kuliacha jambo lilipokuwa zuri, akalipandisha ngazi.

— Basi hana haja ya kwenda! Kama makalio yake hapa yanalinda goli kule, yanashindwaje kumlinda mama yake hapo ng'ambo ya barabara? Tukae wote watatu. Tumwekee mama ukuta, kama wa faulo. Hatunyanyuki mpaka kesho madaktari wamalize kazi.

— Bibi atatuletea kahawa, alisema Dokta.

— Bibi haleti, nikasema.

Hawakunisikia. Walikuwa wameshabanana bega kwa bega, macho nusu yamefungwa, nyuso zimelainika kama watoto walioshiba. Kipa ndiye aliyejibana zaidi. Nilijua anajificha, na alijua ninajua.

Ndipo akatokea mama mmoja, kitabu cha nyimbo kwapani, viatu mkononi maana vilikuwa vinambana.

— Samahani, ndugu zangu. Natafuta nyumba ya yule mama anayepasuliwa kesho. Wenzangu wa kwaya wamenituma nimsalimie.

— Mwanawe huyu hapa! Refa alimwonyesha Kipa kama bao alilofunga mwenyewe. Na sasa hivi tunamwombea. Tumeweka ukuta.

— Mungu awabariki. Akamgeukia Kipa. Na nyumbani nani amekaa naye?

Refa, mwamuzi wa kila kitu, akachungulia ndani ya kikombe. Dokta akafumbua macho. Kipa akatazama ng'ambo ya barabara.

— Mwanangu, nani yuko naye?

Hakuwa anamsuta. Alitaka tu kujua kama abishe hodi na kungoja, au asukume mlango aingie.

Redioni timu ya kijani ilikuwa inapigiwa kona. Kipa akanyanyuka. Refa alimshika shati, kisha akaliachia mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

Kipa alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Dirisha la nyumba yao linaelekea huku, na siku ile pazia lilikuwa wazi. Tulimwona akipiga magoti vibaya, kama mtu anayetafuta ndala uvunguni. Mkono wa mama yake ukatoka kwenye shuka, ukamkalia kichwani. Yule mama wa kwaya akasema atangoja kwanza, akaketi pale palipokuwa wazi, na hakuna aliyemwambia kwamba mahali pale pana mwenyewe.

Midomo ya Kipa ilikaa muda mrefu haisogei. Sote tulikuwa tunaitazama.

Kisha ikasogea.