Shangazi Anastaafu, Madirisha Hayastaafu

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane mwezi wa sita, Shangazi wetu wa chumba cha pasi anaweka pasi chini baada ya miaka thelathini na mmoja ya kunyoosha nguo za hospitali hii. Wagonjwa wamelazwa wakaruhusiwa, madaktari wameingia vijana wakatoka na mvi, na wote hao walilalia au walivaa kitu kilichopita mikononi mwake. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu meza yangu imekuwa jirani na yake kwa muda mrefu kuliko za wenzangu. Shule yangu ni fupi, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua kusema, na mtanisamehe pale sentensi itakapokunjamana.

Shangazi alianzia kwenye mabeseni, enzi zile shuka moja linakamuliwa na watu wawili, huyu anasokota kulia, yule kushoto. Mashine zilipokuja akahamishiwa kwenye pasi, na hapo akaota mizizi. Walimpandisha kuwa msimamizi wa zamu. Alikubali cheo, akakataa kiti, akasema kiti kinamsahaulisha mtu joto la meza. Pasi yake aliiita Bwana Mkubwa. Asubuhi aliidondoshea tone la maji, na ikichelewa kulia chwii aliisema mbele za watu: "Vipi, Bwana Mkubwa, leo umenuniwa nyumbani?"

Koti la daktari likija limekatika kifungo, hakulirudisha hivyo hivyo. Alishona kifungo kipya, na alichagua makusudi cha rangi nyingine, ili mwenye koti ajue kuna mtu alikaa akamshonea. Daktari wetu wa mifupa ana kifungo chekundu tumboni hadi leo. Amepewa koti jipya, kalikataa.

Hayo ni mazuri, na ningeweza kuishia hapo. Lakini mtu akimsifu Shangazi bila kutaja madirisha, hajamsifu, amempigia makofi tu.

Chumba cha pasi kina madirisha matatu yanayotazama uani, kwenye kamba za kuanikia. Mwaka mmoja mashuka yalianza kupungua, na ofisi ikakata shauri kwamba tunayapitishia dirishani. Hakuna aliyetuuliza. Tulifika asubuhi tukakuta madirisha yote yamepigiliwa misumari, ile minene ya kufungia paa. Tukawa wezi bila kesi. Na mvuke, ambao haujui mwizi wala mwaminifu, ukabaki humo humo na sisi. Kuta zilitoa jasho. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya mwanangu wa tatu, na mchana nikadondoka kati ya meza na ukuta. Nilipofumbua macho, Shangazi alikuwa ananipepea kwa foronya, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

Meneja alikuja kutazama kuna nini. Tunamwita Meneja Mwalimu kwa sababu kabla ya kuja hapa alikuwa akifundisha Kiingereza, na tunampenda, ila mpe neno moja tu na atasahau kilichomleta. Siku hiyo alilianza mwenyewe. Akatuambia kwamba hili neno dirisha limetoka kwa Waajemi, na kwao lilikuwa na maana ya mlango mdogo. "Na nyie ndivyo mlivyolitumia," akasema. "Mmelifanya mlango, mashuka yakajitokea zake."

Wengi wetu tuliinamisha vichwa. Shangazi hakuinamisha. Akamuuliza, kwa upole wa mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama Waingereza nao wanaliita mlango.

Meneja akang'aa. Akavuta kiti, akakaa kwenye joto lile lile, akaeleza kwamba Waingereza wanasema window, na hilo wameliazima kwa mabaharia wa kaskazini waliokuja kwao zamani sana. Kwa watu wale lilikuwa na maana ya jicho la upepo, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na tundu tu, halina kioo, la kuvutia hewa na kutolea moshi. Kabla ya kuazima, Waingereza walikuwa na maneno yao wenyewe: moja lilisema tundu la jicho, jingine lilisema mlango wa jicho. Siku hizi, akaendelea, wanalitumia hata kwa kile kitundu cha bahasha kinachoonyesha anwani, hata kwa kisanduku kinachofunguka kwenye kompyuta, hata kwa kile kipindi kifupi ambacho jambo linawezekana, na kikipita limepita. Alikuwa anajifuta jasho kwa leso na hakuwa amegundua.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Asante, Mwalimu. Kwa hiyo kote huko ulikopita, kwa Waajemi, kwa Waingereza, kwa hao mabaharia, hujakuta hata mmoja aliyetaja misumari."

Tulicheka mpaka fundi wa boila akaja kuchungulia. Meneja naye alicheka, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini kucheka si kung'oa misumari. Alitoka, siku zikapita, misumari ikabaki.

Ndipo Shangazi alipofanya lile jambo lake. Asubuhi moja alichukua meza yake, akashika upande mmoja, mimi nikashika mwingine na tumbo langu, tukaipandisha hadi kwenye korido ya utawala, chini ya dirisha kubwa lililoko mlangoni pa Meneja. Wenzetu wakafuata na meza zao. Tukachomeka nyaya, tukapiga pasi. Hatukuimba, hatukupaza sauti. Mashuka yalitoka yamenyooka kuliko siku zote. Wageni wa Mkurugenzi walipita wakiinamia mvuke na kusema samahani. Meneja alipofungua mlango na kuuliza hii ni nini, Shangazi hakuinua hata macho. "Kazi haijasimama, Meneja," alimjibu. "Tumefuata hewa tu."

Mimi nilitetemeka. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani na mmoja tumboni, na niliwaza nikifukuzwa nitawaambia nini. Shangazi aliniona, akaniambia nipige foronya, ni ndogo, mkono ukitetemeka hazionyeshi.

Kabla ya jioni misumari iling'olewa. Na mashuka yalionekana baadaye. Yalikuwa yametundikwa kama mapazia kwenye chumba cha mapumziko cha madaktari wa zamu. Pole haikuja. Shangazi alisema hewa imekuja, pole itafuata njia yake ikipenda.

Sasa nifike pale palipo na moto. Meneja alinishauri kwa wema niandike mambo ya furaha tu. Meneja, nakuheshimu, na mwanangu yule wa tatu amefika darasa la saba na Kiingereza anapata vizuri kwa vitabu ulivyompa. Lakini matofali yako uani, kila mtu anayaona. Jumatatu mafundi wanakuja kuziba madirisha yetu matatu ili ukuta upate rafu, na sisi tutawekewa mashine ya ubaridi. Ile tuliyowekewa stoo ilidumu msimu mmoja, sasa inatoa maji kuliko ubaridi. Na umeme ukikatika, mashine haijui kwamba humu ndani kuna watu. Imechaguliwa Jumatatu, siku ya kwanza ambayo Shangazi hatakuwepo. Labda ni bahati mbaya. Sisi siku hiyo tumeihesabu hata hivyo.

Shangazi alipolisikia hili alisema, basi, Jumatatu atakuja kama kawaida, amestaafu hajafa, na atasimama dirishani waone kama watampaka saruji. Na atakuja kweli, tunamjua. Atakuja na magoti yale yanayolia kuliko bawaba, atapanda ile ngazi ya nyuma akijishikilia, kisha atatuambia hajachoka.

Ndiyo maana namalizia kwa kumwambia yeye mwenyewe, mbele yenu wote.

Shangazi, Jumatatu usije. Tumekaa tukaongea, wote wa pasi, na wa mashine wameungana nasi, na fundi wa boila kasema yumo. Madirisha ni matatu, na kila moja lina watu wake. La katikati ni langu. Nitatetemeka, nakuambia kabisa usije ukasikia kwa wengine. Lakini nitatetemeka nikiwa nimesimama, na sitatoka hapo mpaka matofali yarudi yalikotoka. Wakitaka kutuandikia barua, jina langu waliweke la kwanza, wanalijua linavyoandikwa.

Ulituvumilia, ulituchekesha, ulitusimamia wakati hatukuwa na miguu. Asante kwa kila shuka na kila kifungo. Tunakutakia miaka mingi yenye afya, magoti yapoe, wajukuu wakuletee chai kitandani, na usingizi wa mpaka jua lipande. Na ukisikia kelele upande wa hospitali Jumatatu asubuhi, jigeuze ubavu wa pili uendelee kulala. Ni sisi.