Mfuko Niliobakiza

Jambo yenu, mama mwenyekiti na bamama wote. Na ninyi batata, akina baba watatu mliojibanza karibu na mlango, jambo yenu pia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, kwa hiyo nikinyamaza kidogo, ngojeni tu. Msinipigie makofi.

Mnaiona ndoo hii yenye kifuniko. Ndani yake mna mfuko mmoja mtupu, ile mifuko ya kubebea madini. Leo ni siku ya kurudisha mifuko yote dépôt. Mtaani kwetu umebaki huu tu, na ni wangu mimi, mimi ninayewapigia kelele kila wiki mlete yenu. Najua mnaninong'ona. Mna haki. Nimesimama niwaambie kwa nini niliubakiza.

Nilizaliwa Kasaji. Nilimaliza sekondari huko, diploma yangu ipo mpaka leo ndani ya plastiki. Nikamfuata bwana yangu hapa Kolwezi, yeye anachimba upande wa Mutoshi. Niliambiwa mtu mwenye diploma hakosi kazi hapa. Kazi niliyoipata ni kufagia uwanja wa dépôt, pale wachimbaji wanapoleta mawe yao yapimwe na kununuliwa. Jioni msimamizi alituambia, "Bamama, ile mifuko ya bure mubebe." Tulimshukuru! Ndugu zangu, nawaambia, yule mtu alikuwa anaondoa uchafu wake juu ya vichwa vyetu, na sisi tunasema aksanti.

Niliifua. Asije mtu kusema sikufua. Mtoni, kwa sabuni, mara tatu, nageuza ndani kuwa nje. Ikikauka inapendeza. Nikawauzia ninyi. Mama wa mihogo hapo mbele, ulianikia mihogo yako juu ya mifuko yangu. Wewe kando yake ulitilia unga wa bukari, ugali wetu. "Mifuko ya huyu mama ni safi," mlisema, na mimi nilitembea kichwa juu kama mtu mwenye duka.

Nyumbani nilishona minne pamoja, nikajaza maganda ya mahindi, ikawa godoro la watoto wangu wawili. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka minane. Mdogo wake alikuwa bado hajasimama. Alitambaa juu ya godoro lile mchana kutwa wakati mimi ninashona, na alipoota meno mawili alipata kazi yake: kona moja ya godoro aliitia mdomoni, akaitafuna, akainyonya. Midomo yake ilikuwa myeusi. Mimi nilicheka. Nilitia mate kwenye kidole, nikampangusa, nikamwambia, "Weye, unakula makala ya jiko?" Naye akacheka.

Hapo mniache kidogo.

Kiangazi kilipofika alianza kukohoa. Tulimpeleka kwa daktari, tukapewa dawa, akapata nafuu, akarudia tena. Pumzi yake ikawa na sauti, kama mtu anayevuta kitu kizito. Kwenye wiki ya tatu alituacha. Daktari alisema ni mapafu. Hakusema kingine, na mimi sikuuliza kingine.

Baada ya mazishi nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Bwana yangu alipata sehemu yake, mama mkwe alipata yake. Huku naendelea kufua mifuko, kwa sababu nikikaa mikono mitupu nasikia ile pumzi.

Sasa sikilizeni. Shuleni kwa binti yangu kuna bibi mwalimu ambaye kila Ijumaa anawafundisha watoto mambo ya vumbi, maji na miti. Wengine wenu mlimcheka. Mimi nilimcheka kuwapita ninyi wote. Ijumaa moja aliwapa watoto kila mmoja kipande cha kitambaa cheupe. Alisema, kilowesheni maji, mpanguse kitu kimoja nyumbani, mnirudishie Jumatatu. Mmoja akapangusa dirisha, mwingine meza. Binti yangu akapangusa godoro.

Jumatatu kitambaa chake ndicho kilikuwa cheusi kupita vyote. Watoto wakamwimbia darasani, na minerai ndiyo madini: "Mama yake anamulaza mu minerai! Mama yake anamulaza mu minerai!" Mwalimu aliwanyamazisha, lakini watoto mnawajua. Jioni ile binti yangu alijilaza kwenye sementi. Nikamwambia panda godoro. Akakataa. Nikamvuta mkono, akang'ang'ana.

"Mama, mi siwezi. Iko na vumbi ya minerai."

"Nani amekuambia ujinga ule?"

"Hakuna mutu. Mi mwenyewe njo nilipangusa."

Asubuhi nilibeba mifuko yangu ya kuuza kichwani, nikapita shuleni kwanza. Sikubisha hodi. Nilishusha mzigo wangu mlangoni ili mikono iwe huru, nikaanza. Nilimwambia yule bibi mwalimu mbele ya darasa zima: "Unafundisha batoto kudharau bazazi? Serikali inakulipa juu ya vumbi yangu? Kuja nyumbani uninunulie godoro!" Nilimwambia na mengine ambayo mahali hapa hayasemeki.

Alingoja nimalize. Aliponiona navuta pumzi, akauliza taratibu, "Mama, ile mifuko umeweka pale, ni safi?"

"Safi! Nilifua mara tatu!"

"Aksanti, mama." Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe, akakilowesha kwenye ndoo ya darasa, akanipa. "Basi upanguse. Ndani, pale ku mushono."

Nilikichukua kwa hasira. Nilitaka kumwaibisha. Nilichagua mfuko uliong'aa kuliko yote, nikaingiza mkono mpaka chini, nikapangusa mara moja tu, nikautoa mkono juu wote waone.

Kilikuwa cheusi. Na weusi wenyewe niliujua. Niliwahi kuupangusa mimi kwa kidole changu na mate yangu, nikicheka.

Binti yangu, mstari wa tatu, alikuwa anatazama viatu vyake ili asinione.

Sijui mtoto wangu aliuawa na nini. Niseme wazi, asitoke mtu hapa akasema nilisema mfuko ulimuua. Hakuna aliyempima. Sitajua kamwe, na huko kutojua ndiko kunanila. Ninachojua ni kwamba kile kilichokuwa kwenye kitambaa kilikuwa mdomoni mwake, na ni mimi niliyekileta nyumbani, nimekifua vizuri.

Siku nyingi sikutoka ndani. Bibi mwalimu alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimfukuza. Mara ya pili alikaa nje ya mlango akasahihisha madaftari yake. Mara ya tatu aliniuliza, "Mama, ile mifuko uliuza, iko wapi?" Nikamwambia, "Kwa bantu." Watu hao ni ninyi. Ndipo niliposimama.

Mnakumbuka nilivyopita milango yenu. Mmoja wenu aliniambia, "Sasa mutoto yako amekufa njo unaona tuko bantu?" Dada, ulisema kweli. Nililia njia nzima, lakini kesho yake nilirudi kwako, na mfuko ukanipa.

Mifuko ikajaa uwanjani kwangu. Kuchoma ni moshi, kutupa mtoni ni maji yetu wenyewe. Tulienda ofisi ya commune, serikali ya mtaa, wanawake saba, tukamwuliza mkubwa wa mipango: mifuko ya madini inatakiwa iende wapi? Akafungua kitabu kikubwa, akafunga. "Bamama, mifuko ya bure haiko mu plan." Nilimwambia, "Basi andika! Kalamu iko mukononi!" Alicheka. Tulirudi Jumanne iliyofuata, na Jumanne nyingine, hadi akachoka na sura zetu.

Kabla hajaandika, sisi tulibeba mifuko yote tukaimwaga mbele ya lango la dépôt. Malori yakasimama. Msimamizi wangu wa zamani akatoka anafoka, "Mutoe takataka yenu hapa!"

"Yetu?" nilimjibu. "Soma alama. Rangi ile ni ya nani?" Kila mfuko ulikuwa na alama yao nyekundu. Mama mmoja akasema, "Tata, tumekufulia, leta sabuni," na hata madereva wa malori wakaangua kicheko.

Leo dépôt ina kontena lenye kufuli, na mfagiaji hatoki tena na mfuko. Kwenye kitabu cha commune mna mstari mmoja kuhusu jambo hili. Mstari mmoja, bamama. Binti yangu analalia godoro la maganda ndani ya kitambaa cha pamba. Kikohozi hana. Mdogo wake hayupo.

Nawashukuru. Bibi mwalimu, kwa kukaa nje ya mlango. Bwana yangu, aliyebeba matusi yangu bila kunirudishia. Ninyi mlionisema vibaya na bado mkafungua milango. Somo langu ni fupi: mkipewa kitu cha bure kutoka mahali pa madini, ulizeni kwa nini mwenyewe hakitaki. Na mtoto akirudi kutoka shuleni na neno, pangusa kwanza, utamkasirikia baadaye.

Sasa huu wa ndoo. Nilipofumua godoro lile, mitatu niliirudisha. Huu wa nne una kona yenye alama za meno mawili. Picha yake sina. Nguo zake tuligawa. Niliufungia humu, na mara nyingine nafungua kifuniko nikatazama bila kugusa. Wiki iliyopita binti yangu alinikuta. Aliuliza tu, "Mama, na ile moja?"

Mama mwenyekiti, njoo uichukue ndoo. Usiifungue. Itie kontenani pamoja na mingine, funga.

Na nikiwafuata njiani, nikinyoosha mkono, nikisema nirudishieni kidogo tu niangalie, msinipe.