Kalunde Ndolo, Msukaji wa Mota

Ndugu, majirani na washirika wa kanisa mliofika hapa Nunguni, asanteni kwa kukaa nasi juma hili lote, na sasa familia inawasomea, kwa kinywa cha mdogo wake Mwangangi, maisha ya marehemu Kalunde Ndolo.

Kalunde alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949 hapa hapa Nunguni, kifungua mimba wa Mzee Kiilu na Mama Kasyoka, akaanza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965, na katika miaka hiyo aliwahi kuifungua cherehani ya mama yake yote, akaiunganisha tena, skrubu mbili zikabaki, na ikashona vile vile.

Mwaka 1968 aliandikwa kufagia katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Kitui, lakini saa ya chakula alisimama mlangoni kwa fundi Musembi, aliyesuka upya nyaya za mota zilizoungua, hadi fundi akamwambia, "Wewe msichana, kama utasimama hapo kila siku, afadhali ushike waya," naye akaushika kwa miaka ishirini na minane.

Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na Mwalimu Ndolo Nzuki wa Salama, wakajaliwa Mumbua, Kiilu na Muthoki.

Swali lililomsumbua kazini ni kwa nini mota ziliungua sana, hasa ile ya kulisha mashine pamba, ambayo ilijua mwendo mmoja tu, ikiwashwa ilivuta umeme mwingi ghafla, na pamba mbichi ikija nyingi mashine ilisakamwa, mota ikaendelea kusukuma mpaka moshi ukatoka. Mwaka 1989 kililetwa kisanduku cha kudhibiti mwendo wa mota, na wenzake walipomwambia, "Mama Mumbua, hii itakula kazi yako," alijibu, "Wacha ikule, mimi nataka kujua inafanya aje." Alikisoma kitabu chake pamoja na mumewe, kamusi mezani, akaelewa kwamba umeme wetu huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde na mota huufuata, ila kisanduku huunyoosha kwanza, kisha huukata upya uende na kurudi polepole au haraka kadiri unavyotaka, na kweli mota ikaanza taratibu, ikapunguza mwendo pamba ilipozidi.

Wiki ya tatu mota ilipata moto ikanuka, meneja akaamuru kisanduku king'olewe, Kalunde akaomba siku moja tu, akakaa kando ya mota akiigusa kwa kiganja, na kabla ya saa kumi akamwita meneja, "Njoo uone, feni yake ya kupoza imefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, mota ikienda polepole na feni pia inalegea, sasa joto litaondokaje?" Akafunga feni nyingine yenye umeme wake, na mota ile haikuungua tena. Kazi ya kusuka ilipungua kweli, akawekwa kufundisha mafundi wapya, ingawa Mwalimu Ndolo anasema kuna siku alirudi nyumbani mnyonge, ameshinda bila mota hata moja mezani.

Alistaafu mwaka 1996 figo zilipoanza kumsumbua, akawa anasafishwa damu kwa mashine hospitalini Nairobi, na tarehe 3 Agosti 1997 alimuuliza muuguzi pampu ya mashine ile inajuaje mwendo wa kusukuma damu bila kumuumiza mtu, muuguzi akaenda kumuuliza fundi, na aliporudi na jibu alimkuta Kalunde ametutoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuchotea maji na kuni, wafanyakazi wenzake wa Kitui, na muuguzi huyo, ambaye amesafiri mpaka hapa kutueleza lile jibu.

Kalunde wetu, Mungu akupe pumziko jema.