Kurasa Mbili Zilizofunguliwa Pamoja

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, familia imeniagiza mimi, mdogo wake pekee, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitasoma polepole, maana macho yangu leo si ya kutegemea.

Dada alizaliwa tarehe 11 Machi 1952, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, aliyekuwa fundi cherehani, na mama alituambia kwamba hata kabla ya kutembea alikuwa akigonga meza kwa vidole vyote kumi, ndiyo maana nyumbani tulimwita Vidole mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, ambako alikutana na piano ya bwalo yenye vitufe vinne visivyolia, akazoea kuziimba kwa mdomo noti zilizokosekana, hata alipoingia chuo cha muziki Januari 1970 na kukalishwa mbele ya piano nzima aliendelea kuimba, mwalimu akamwomba afunge mdomo ili piano nayo ipate kusema.

Alihitimu Novemba 1973, akaajiriwa kufundisha chuoni hapo hapo tarehe 7 Januari 1974, na tarehe 21 Agosti 1976 alitoa onyesho lake la kwanza la muziki wa klasiki akiwa peke yake jukwaani. Mwaka 1978 aliungana na mpiga fidla na mpiga fidla kubwa, wakazunguka kumbi za miji mingi, nami, karani wa posta, nilivaa suti na kukaa kushoto kwake kumfungulia kurasa, kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kurekebisha sauti za piano, aliyekuja chuoni kikazi kisha akarudi mara tatu mwezi huo huo ingawa piano haikuwa na tatizo lolote, na Mungu akawajalia binti mwaka 1982, ambaye ni daktari wa meno, na kijana mwaka 1985, ambaye ni seremala, na wajukuu wanne.

Mniwie radhi, kwenye kazi nimeruka mahali. Tarehe 14 Oktoba 1989, ukumbi ukiwa umejaa, vidole vyangu vililowa jasho, nikafungua kurasa mbili kwa pamoja, dada akajikuta mbele ya muziki mwingine, akaacha kupiga, na wenzake wakaacha. Nyuma ya jukwaa mpiga fidla alimuuliza kama kweli alijiandaa, dada akajibu, "Nilipotea, nisamehe," nami nilikuwa nimeshika koti lake na sikufungua mdomo. Gazeti likaandika kwamba alipanda jukwaani bila kujiandaa, nafasi yake akapewa mwingine, na kwa miaka sita hakuna ukumbi uliomwita, hadi 1995 alipoanza tena peke yake, akapiga mpaka 2017.

Februari 2022 alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tarehe 3 Mei 2024, mchana, wodini, nilimweleza yote, akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini, akasema, "Wewe mtoto, ulidhani sikuuona mkono wako? Ningekutaja wangekufukuza, na mimi nilishakuzoea na majasho yako." Kisha akaniambia, "Siku ukisimama kunisomea, usifiche, maana sitakuwepo kukutetea."

Jumapili tarehe 19 Mei 2024, saa nne asubuhi, alitutoka taratibu, binti yake akiwa amemshika mkono, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa nzima. Tunalia, lakini tumepumua, kwa kuwa sindano zimekwisha na Mungu amemchukua kwa upole.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya figo, walimu wenzake wa chuo, na majirani mliovumilia miaka thelathini ya wimbo mmoja kurudiwa mara arobaini kabla ya chai.

Juzi nilikwenda kwa mpiga fidla, nikamwambia dada alikuwa amejiandaa miezi mitatu, na kosa lilikuwa langu. Mzee alifuta macho, akauliza mazishi ni saa ngapi. Amekaa pale safu ya pili na fidla yake, atapiga sehemu yake ya muziki ule mpaka mwisho, ya piano ataiacha wazi, na kwa kuwa mikono yake imechoka, ameniomba nimfungulie kurasa, moja moja.

Dada, Bwana akupokee ukiwa na jina safi, pumzika kwa amani.